Wanakili wa Okestra

Mtu aendaye kusikiliza okestra huingia ukumbini akakuta viti vimekwisha kupangwa kwa umbo la nusu duara, na mbele ya viti pana viegemezo vya chuma, na juu ya kila kiegemezo pana jalada lenye karatasi za nota. Hashangai. Huona kana kwamba karatasi hizo zimeota hapo kama majani yaotavyo mtini. Baadaye wapigaji huja, huketi, hulinganisha nyuzi zao. Kiongozi hutokea na kupigiwa makofi. Na muziki ukiisha watu hurudi makwao wakizungumza habari za mtunzi na za kiongozi, pengine na za mpigaji mmoja aliyewapendeza. Aliyeweka karatasi hatajwi. Wala wale waliozitia wino hawatajwi. Makala haya yanakusudia kueleza habari za watu hao, yaani wanakili na wakutubi wa muziki wa Ulaya, kwa kuwa kazi yao ina historia ndefu, na kwa kuwa yaliyowapata yafanana na yaliyowapata wanakili wa tenzi katika pwani yetu.

Yafaa kwanza msomaji afahamu kazi yenyewe. Mtunzi huandika muziki wake katika kitabu kikubwa ambacho kila ukurasa wake una mistari ya vyombo vyote, filimbi juu na besi chini, ili jicho lione mara moja yote yatendekayo kwa wakati mmoja. Kitabu hicho ni cha kiongozi. Mpigaji hawezi kukitumia, maana ingempasa kufunua ukurasa kila baada ya muda mfupi, hali mikono yake ina shughuli nyingine. Kwa hiyo kila chombo hutolewa katika kitabu kile kikaandikwa peke yake: fidla ya kwanza, fidla ya pili, viola, selo, besi, kisha filimbi, tarumbeta na ngoma. Hapo ndipo akili ya mnakili hujulikana. Hana budi kuhesabu vipimo vyote ambavyo tarumbeta hunyamaza, na pengine hunyamaza vipimo mia. Hana budi kuumaliza ukurasa mahali ambapo mpigaji ana nafasi ya kuufunua. Akikosea kipimo kimoja tu katika kimya hicho, tarumbeta italia kabla ya wakati wake, na watu watamlaumu mpigaji.

Wino ukikauka, kalamu ya risasi huanza. Mpigaji mkuu wa fidla huamua ni wapi upinde upande na ni wapi ushuke, na mkutubi huzihamisha alama zake katika karatasi za wenziwe wote, ukurasa kwa ukurasa. Wasikilizaji huzitazama pinde zikienda pamoja kama makasia ya mtepe, wakadhani ni mazoea ya wapigaji. Ni mazoea, lakini ni kalamu ya risasi pia.

Nayasema haya kwa ujuzi kidogo. Nilipokuwa nikisomea udaktari ng'ambo niliongeza riziki yangu kwa kumsaidia mkutubi wa okestra moja ndogo. Jioni moja nilitia karatasi za fidla ya pili katika jalada la viola. Nota za viola husomwa kwa ufunguo mwingine, hata mpigaji hodari hupotewa anapokabidhiwa zisizo zake. Mazoezi yalisimama; watu wapatao sitini walikaa kimya wakinitazama nikipita kati ya viti kwenda kubadilisha karatasi zile. Mkutubi, mzee wa maneno machache, hakunikemea. Alinipa kifutio na karatasi nyingine akaniambia nifute alama za mwaka uliopita. Siku hiyo nilijua kwamba ile ni kazi ambayo ikitendeka vyema haionekani, na ikionekana, basi imekwisha kuharibika. Tangu hapo nimekuwa nikiitafuta katika vitabu vya historia, nami nimeiona pembezoni mwa mambo mengine tu.

Habari yake iliyo bora kupita zote ni ya Leipzig, nchini Ujerumani. Johann Sebastian Bach alifika huko mwezi wa Mei 1723 kuwa mwalimu wa muziki katika Shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki wa makanisa makuu ya mji. Katika miaka yake ya kwanza alitunga karibu kila juma kantata mpya, yaani wimbo mrefu wa kwaya, waimbaji wa pekee na vyombo, ili uimbwe siku ya Jumapili. Juma lina siku saba. Katika siku hizo ilimpasa kutunga, kisha karatasi za kila mwimbaji na kila mpigaji zinakiliwe, kisha watu wajizoeze. Bach asingaliweza peke yake. Walionakili walikuwa vijana wa shule ile, wanawe mwenyewe, na mkewe Anna Magdalena, ambaye mwandiko wake ulikuja kufanana na wa mumewe hata wataalamu wa baadaye wakautwaa wa mke wakauita wa mume. Yamkini meza ya nyumba ile ilijaa karatasi mbichi usiku wa Jumamosi. Nadhani si chumvi kusema hivyo.

Bach alifariki Julai 1750, na karatasi zikagawanywa katika urithi. Vitabu vikuu vingi vilikwenda kwa wanawe. Mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann, aliishi kwa shida, akauza, na mengi yakapotea. Anna Magdalena alipata karatasi za wapigaji na waimbaji za kundi moja la kantata, lile lililojengwa juu ya nyimbo za kanisa za Kilutheri, akazitoa kwa Shule ya Mtakatifu Thomas. Alifariki mwaka 1760, akiwa maskini wa kutunzwa kwa sadaka. Karatasi zile zilizoandikwa na wavulana zilibaki Leipzig.

Kwa muda wa karibu miaka mia ilidhaniwa kwamba tarehe za kantata hizo zajulikana. Philipp Spitta, katika kitabu chake kikubwa cha maisha ya Bach kilichotoka kati ya 1873 na 1880, aliliweka kundi lile la kantata katika miaka ya baadaye ya mtunzi, baada ya 1735. Kwa hesabu hiyo ikapatikana sura ya kupendeza: mzee mcha Mungu akiutumikia ukristo wake kwa kalamu hata karibu na kufa. Kisha mwaka 1957 Alfred Dürr, na mwaka 1958 Georg von Dadelsen, walitoa uchunguzi wao. Hawakuanza na Bach. Walianza na wanakili wake. Walitazama alama za maji katika karatasi, na mwandiko wa kila mnakili jinsi ulivyobadilika. Kijana aingia shuleni, mwandiko wake ni wa kitoto; baada ya mwaka umekomaa; kisha aondoka na mkono wake hauonekani tena. Panapo mikono kumi ya namna hiyo, inayopishana na kukutana katika karatasi mbalimbali, karatasi hujipanga zenyewe kwa miaka. Ikadhihirika kwamba kantata zile zilizodhaniwa za uzeeni nyingi ni za 1724 na 1725, na kwamba kantata nyingi za Leipzig zilitungwa katika miaka michache ya mwanzo. Sura ya Spitta ikaanguka.

Wanakili hao hawakuwa na majina. Wachunguzi waliwaita kwa herufi: Mnakili Mkuu A, Mnakili Mkuu B, na kadhalika. Baadaye A alitambuliwa kuwa ni Johann Andreas Kuhnau, mpwa wa yule mwalimu aliyemtangulia Bach katika cheo kile. Wengine wamebaki herufi hata leo. Lakini zingatia jambo hili, msomaji: mtaalamu mkubwa aliyesoma muziki wenyewe na maneno yake alipotea kwa miaka mingi, na ushahidi uliomrudisha katika njia ulikuwa wa wavulana waliokuwa wakiandika upesi ili wapate kulala.

Hapa siwezi kujizuia kuvuka bahari. Sisi tusomao tenzi twamjua Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchonga mbao, mwanamuziki, na mnakili ambaye mwandiko wake wa herufi za Kiarabu hauna mfano. William Hichens na Alice Werner walipata kwake miswada, na Ernst Dammann alifanya kazi naye Lamu. Nakala zake nyingi sasa zimehifadhiwa London. Tunapotaja utenzi uliopita mkononi mwake twamtaja mtunzi, twamtaja na mhariri wa Kizungu aliyeuchapisha. Kijuma twamtaja katika tanbihi. Naye alikuwa mshairi: je, mshairi aweza kunakili ubeti usiomridhisha bila ya kuugusa? Nimewauliza wanafunzi wangu swali hilo mara nyingi. Hujibu kwamba mnakili ni mwaminifu. Mimi nawajibu kwamba uaminifu wa mnakili ni jambo la kuthibitishwa, na kwamba Dürr na Dadelsen wametuonyesha njia ya kufanya hivyo, nayo ni kumsoma mnakili kwanza.

Turudi Ulaya. Habari za Mozart nitazipita upesi, kwa kuwa zina chumvi nyingi. Yasimuliwa kwamba muziki wa kufungulia mchezo wa *Don Giovanni* aliuandika usiku mmoja kabla ya mchezo kuonyeshwa mara ya kwanza huko Prague, tarehe 29 Oktoba 1787, na kwamba wanakili walikuja alfajiri kuuchukua. Kila asimuliaye kisa hiki humstaajabia Mozart. Sijapata kumsikia amstaajabiaye aliyegawa usiku ule kitabu kimoja katika karatasi za okestra nzima.

Beethoven ni habari nyingine, maana ugomvi wake na wanakili umeandikwa. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kupita kiasi: mafuto juu ya mafuto, nota zisizokaa mstarini wala nafasini, na maelekezo ya kwenda ukurasa mwingine. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwapo Vienna mtu mmoja aliyeweza kuusoma bila ya taabu, jina lake Wenzel Schlemmer. Alikuwa na karakana ya kunakili, naye Beethoven alimtegemea. Schlemmer alifariki mwaka 1823, wakati mbaya kabisa, kwani simfoni ya tisa ilikuwa karibu kukamilika. Mjane wake aliendelea na karakana, na wanakili wengine wakatafutwa; lakini kila mmoja ilimbidi ajifunze upya kusoma maandishi ambayo Schlemmer alikuwa ameyazoea katika umri wake wote wa kazi. Tarehe 7 Mei 1824 simfoni ilipigwa katika ukumbi wa Kärntnertor. Kila mtu ajua kwamba mtunzi alikuwa kiziwi, na kwamba mwimbaji Caroline Unger alimgeuza ayaone makofi asiyoyasikia. Isiyojulikana sana ni hesabu ya fedha. Mapato yalikuwa kiasi cha florini 2,200. Ilipotolewa gharama ya ukumbi na ya kunakili, zilibaki florini 420. Beethoven aliona ameibiwa. Kwa upande wangu, nikifikiria wingi wa karatasi zilizotakiwa kwa okestra, kwaya na waimbaji wanne, pamoja na sehemu tatu za Misa yake kuu zilizoimbwa usiku uleule, sioni ajabu gharama kuwa kubwa.

Mwaka uliofuata, 1825, mnakili aitwaye Ferdinand Wolanek alichoka kutukanwa. Alimrudishia Beethoven karatasi zake pamoja na barua yenye adabu iliyo na makali ndani yake, akimwambia kwamba hata Mozart na Haydn, lau wangelikuwa wanakili wake, wangelipata matusi hayohayo. Beethoven aliikata barua ile kwa mistari mikubwa kutoka pembe hadi pembe, akaandika juu yake kwamba mtu yule ni mjinga, mwenye majivuno na mfano wa punda. Barua imehifadhiwa, na waandishi wengi huitaja kuwa kichekesho. Mimi naiona kuwa moja katika nafasi chache ambapo mnakili asema kwa ulimi wake mwenyewe.

Nakala moja ya simfoni hiyo ya tisa, iliyoandikwa na wanakili na kusahihishwa na Beethoven, ndiyo iliyotumiwa na wachapishaji wa Schott katika toleo la kwanza la 1826. Katika ukurasa mmoja mtunzi amemlaani mnakili kwa maandishi. Mwaka 2003 nakala hiyo iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni mbili. Laana na kazi iliyolaaniwa zilinunuliwa pamoja.

Ni haki pia kusema kwamba wanakili walikosa, na makosa yao yalikuwa na nguvu. Simfoni ya tano ilichapishwa ikiwa na vipimo viwili vya ziada katika sehemu yake ya tatu, masalio ya mpango wa kurudia ambao Beethoven alikuwa ameuacha na ambao haukuondolewa wote katika nakala. Mwaka 1810 Beethoven aliwaandikia wachapishaji wa Leipzig kuwaeleza. Halikufanywa neno. Kosa halikutangazwa mpaka mwaka 1846, Mendelssohn alipolishughulikia, na wakati huo Beethoven alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na tisa. Kwa miaka yote ile okestra zilipiga vipimo viwili visivyo vya mtunzi, na wako waliovipenda wakavitetea.

Baada ya uchapaji kuenea kazi ya mkono ilipungua, lakini haikwisha, maana kazi mpya hazingojei mchapaji. Wagner huko Bayreuth aliwakusanya vijana kuanzia mwaka 1872 kunakili tamthilia zake nne za *Pete*. Mmoja wao, Anton Seidl, ndiye aliyekuja kuongoza huko New York mwaka 1893 simfoni ya Dvořák iitwayo ya Ulimwengu Mpya, ilipopigwa mara ya kwanza. Na si karatasi tu zinazotengenezwa nje ya macho ya watu. Simfoni ya nane ya Mahler ilipopigwa Munich mwezi wa Septemba 1910, kwa watu zaidi ya elfu moja, msimamizi Emil Gutmann alikwenda mpaka kwa wenye tramu za mji akapata ziende polepole bila ya kupiga kengele zipitapo karibu na ukumbi.

Katika taarabu yetu ya Unguja kazi hii ina sura nyingine. Vyama kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club, kilichoanza 1958, vilikua kwa sikio: wimbo ulipitishwa kutoka kwa mwenye kuujua mpaka kwa mwenzake, na karatasi haikutakiwa sana. Hapo mkutubi ni kumbukumbu ya mtu. Lakini mtu hana budi kuja mapema, kabla ya wageni wenye manukato, kulinganisha kanuni yenye nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti. Na katika unyevu wa pwani nyuzi zile hazikai zilipowekwa. Nimeketi mara nyingi nikisikiliza utaratibu huo, nao ni mrefu kuliko wimbo.

Namalizia kwa Leningrad. Mji huo ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941 mpaka Januari 1944, na katika majira ya baridi ya kwanza njaa iliua watu wengi mno. Dmitri Shostakovich, mzaliwa wa mji huo, aliimaliza simfoni yake ya saba huko Kuibyshev mwezi wa Desemba 1941. Ilipigwa huko mwezi wa Machi 1942, kisha Moscow. Kwa nje ilisafirishwa katika filamu ndogo kwa njia ya Tehran na Cairo; ikapigwa London mwezi wa Juni na New York mwezi wa Julai. Mji ambao simfoni imepewa jina lake ulikuwa haujaisikia.

Okestra iliyobaki Leningrad ilikuwa ya redio, chini ya Karl Eliasberg. Wengi walikuwa wamekufa kwa njaa. Watumishi wa redio na wa idara ya sanaa, miongoni mwao Yasha Babushkin na Boris Zagorsky, walitafuta nani yu hai. Tangazo likasomwa redioni kuwaita wanamuziki wajiandikishe, na posho za chakula zikaombwa kwa ajili yao. Mazoezi ya kwanza, mwishoni mwa Machi 1942, yalivunjika baada ya dakika chache, kwa sababu wapiga tarumbeta hawakuwa na pumzi. Kazi yenyewe yataka wapigaji wapatao mia. Waliopungua walitolewa katika vikosi vya jeshi.

Kitabu kikuu cha simfoni kililetwa kwa ndege mwanzoni mwa Julai, kikivuka juu ya majeshi ya adui. Kilikuwa kitabu kimoja, na siku ya onyesho ilikuwa imepangwa 9 Agosti. Msomaji sasa aweza kufanya hesabu mwenyewe: kazi ya zaidi ya saa nzima, wapigaji mia, juma chache, mji usio na karatasi. Masimulizi yanayosomwa sana yana sentensi moja tu juu ya hayo, kwamba kundi la wanakili lilifanya kazi kwa siku nyingi ijapokuwa vifaa vilikuwa haba. Watu waliokula posho ya mji uliozingirwa walihesabu vipimo vya kimya cha tarumbeta, wakachagua mahali pa kufunulia ukurasa. Mimi niliyeshindwa kulitia jalada la viola karatasi zake, nikiwa nimeshiba na taa zinawaka, huisoma sentensi hiyo polepole.

Tarehe 9 Agosti mizinga ya Jenerali Govorov ilizishambulia kwanza ngome za Wajerumani ili zinyamaze, na simfoni ikapigwa katika ukumbi mkuu wa Filarmonia, ikatangazwa kwa vipaza sauti mjini kote na kuelekezwa upande wa maadui. Tarehe 27 Januari 1964, miaka ishirini tangu mji ufunguliwe, wapigaji 22 waliosalia walikutana katika ukumbi uleule wakaipiga tena chini ya Eliasberg, na Shostakovich akiwapo. Walipoingia walikuta karatasi zimekwisha kuwekwa.